Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hofu ya ghafla ina tiba

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kama muuguzi wa kituo cha afya, kwa ajili ya wagonjwa wanaoletwa usiku wakiwa wameshika kifua. Moyo unawaenda mbio, pumzi haitoshi, vidole vimekufa ganzi, na wana hakika wanakufa. Tunapima presha, moyo, damu, na ni haki kupima. Majibu yakiwa mazuri wanapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, na kuambiwa hawaumwi. Baadaye utawakuta hospitali nyingine, au kwa mganga, au kwenye maombi ya kutoa mapepo.

Lakini wanaumwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alieleza ugonjwa huu wa hofu ya ghafla unavyojilisha: mgonjwa anasikia moyo ukidunda, anaona ni kifo, hofu inapanda, na moyo unazidi kudunda. Tiba ya fikra na tabia, ya mazungumzo na mazoezi, inaukata mzunguko huo pale pale mgonjwa anapotafsiri dalili kuwa kifo. Mgonjwa anaambiwa apumue harakaharaka kwa makusudi, au akimbie papo hapo aliposimama, mpaka dalili zile zije. Zinakuja, zinapanda, zinashuka, naye yu hai. Kisha anaanza kupanda tena daladala alizokuwa akizikwepa, kituo kimoja, halafu viwili. Mwongozo wa Uingereza unapendekeza jumla ya saa 7 hadi 14 za tiba hii, na unasema dawa za jamii ya diazepamu zisitumike kwa ugonjwa huu.

Saa 14, Mheshimiwa! Wapo wanaomaliza nyingi kuliko hizo kwenye foleni za vipimo.

Tena hofu hii mara nyingi haiji peke yake. Anayeogopa kutoka nyumbani hupoteza kazi, sonona ikaingia. Mwingine anatuliza kifua kwa pombe, na tukimkanya pombe bila kuuliza anatuliza nini, atairudia. Hofu, sonona na pombe viulizwe siku moja, na mtu mmoja.

Hatuhitaji kusubiri mabingwa. Zimbabwe iliwafundisha wanawake wa makamo tiba fupi ya mazungumzo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha sonona na wasiwasi vimepungua. Naomba kila kituo cha afya kiwe na muuguzi au tabibu mmoja aliyefundishwa, akisimamiwa na mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na saa hizo zitajwe wazi kwenye kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote.

Chumba tutakitafuta wenyewe. Hapa kwetu chumba cha chanjo huwa wazi kuanzia saa nane mchana.

Wako mtiifu,
Muuguzi, kituo cha afya