Mlituuzia chakula cha wenyeji, tukakuta samaki wa frizani

Habari zenu watu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya safari,

Naandika tena kwa sababu ujumbe wangu wa kwanza mlinijibu mistari miwili tu na vocha ya punguzo la safari ijayo, sasa hebu niambieni, mtu kaja kwenu analia safari yake imeharibika, nyie mnampa punguzo la kuharibiwa nyingine, hivi kuna mtu alikaa chini akaona hilo ni jibu kweli? Haya, leo naandika kirefu. Mume wangu kaniambia nipunguze ukali, nitajitahidi ila siahidi.

Pakeji tuliyonunua kwenu ni ile ya mapumziko ya wawili ufukweni, na tangazo lenu ninalo, nilishalipiga picha kabla hamjalibadilisha. Mmeandika bahari iko mlangoni muda wote, mmeandika tutakula chakula cha wenyeji kutoka kwa wavuvi wa hapo hapo, na kuna mlo wa jioni kwenye boti jua likizama, ambao mliutoza hela yake pembeni. Sisi sio watu wa makuu, tulikuwa tumechoka na kazi, tulichotaka ni kuogelea, kula vizuri, kulala, tukiamka tule tena. Na chumba niseme ukweli hakikuwa na shida, kitanda kizuri, shuka safi, feni na AC vyote vinafanya kazi, hilo nalisema mapema msije mkasema huyu dada ni wa kulalamikia kila kitu.

Shida ilikuwa chakula. Yaani ndio kitu tulichokifuata na ndicho kilichotushinda.

Jioni tuliyofika tukashuka bufee na hamu zetu zote, tukakuta foleni ya trei za chuma, zile za kuwashiwa moto chini, ila moto wenyewe kwenye trei karibu nusu ulikuwa umezima na hakuna aliyekuwa na habari. Tambi, viazi vya kukaanga vilivyolegea, kuku wa sosi ya brauni ambayo sijui ni ya nchi gani, na samaki. Huyo samaki sasa. Vipande vyote saizi moja, vyeupe pee, havina ngozi havina mfupa, ukikiweka kwenye sahani baada ya dakika kinaogelea kwenye maji yake mwenyewe. Mtu yeyote anayepika anajua hayo maji yanatoka wapi, ni samaki aliyegandishwa akayeyushwa vibaya, nyama inaachia maji yote inabaki nyuzi nyuzi kavu. Kugandisha sio dhambi, samaki akigandishwa haraka na vizuri analika, lakini msiniambie katoka kwa mvuvi wa hapo asubuhi. Ngisi ndo usiseme. Ngisi anataka moto mkali dakika mbili tatu atoke, au umchemshe taratibu muda mrefu mpaka alainike tena, ukimwacha hapo katikati anakuwa mpira, na huyu alikuwa amekaa kwenye trei tangu saa ngapi Mungu ndo anajua.

Nikamuuliza kijana wa bufee, kwa adabu kabisa, hivi chakula cha kwenu hapa kiko trei ipi? Akacheka kwa aibu akanionyesha kibakuli cha pilipili.

Ikawa hivyo kila siku, menyu inabadilika jina tu. Na kinachoniuma ni kwamba mbele ya hoteli yenu hiyo hiyo, maji yakiwa yanajaa asubuhi kwenye saa nne hivi, boti za wavuvi zinaingia, tunaziona kutoka kwenye baraza. Tulishuka tukaangalia. Samaki macho yanang'aa yametuna, ukifunua shavu ni jekundu la damu, ukimbonyeza nyama inarudi, harufu yake ni ya maji ya chumvi tu hakuna shombo. Pweza, vibua, jodari wadogo, samaki wa mwambani wa kila rangi, wote hao wanapakiwa kwenye pikipiki wanapelekwa kwingine, hotelini haingii hata mmoja. Nikamuuliza baba mmoja mvuvi mbona hamuuzi hapo juu, akasema hoteli inalipa baada ya miezi, na inataka samaki wa ukubwa mmoja kila siku, sasa bahari ndo mashine ya kutoa samaki wa saizi moja? Kwa hiyo nyie mmepiga picha boti zake mkaziweka kwenye tangazo, halafu samaki mnaagiza kwa lori la barafu.

Halafu kuna hili la bangili za mkononi. Tulipofika tukafungwa bangili, tukaambiwa chakula cha nje ni marufuku kuingia nacho, sawa, sheria za hoteli hizo nazielewa. Lakini ukitaka kutoka getini unaandika jina, saa ya kutoka, unakwenda wapi, na mlinzi anakushauri usile huko nje utaumwa tumbo. Yaani mnatutisha na chakula kile kile mlichotuuzia kwenye tangazo!

Ngoja niwaambie tulipokipata. Mchana mmoja tulikuwa tunapita nyuma ya jiko kwenda kuulizia taulo, tukasikia harufu ikabidi tusimame. Wafanyakazi walikuwa wanakula. Samaki mzima wa mchuzi, mboga za majani, kachumbari, kila kitu kwenye sinia moja moto moto. Mpishi mama mtu mzima akatuona tunavyotoa macho, akatukaribisha, tukanawa mikono tukakaa. Mume wangu hakuongea mpaka alipofika kwenye kichwa cha samaki, na yeye ni mtu wa maneno. Kumbe jiko lenu linajua kupika! Kumbe wapishi mnao, samaki wanamjua, viungo wanavyo, ila kuna mtu kwenye ofisi fulani kaamua mgeni apewe tambi na mfanyakazi ndo ale vizuri. Tafadhali sana huyo mama na wenzake msiwaguse, wao ndio watu pekee waliotuheshimu mahali pale, na nikisikia kuna aliyesumbuliwa kwa sababu ya barua hii nitaandika nyingine.

Kuanzia hapo tukawa tunatoka. Tukawa tunaandika majina getini tunakwenda kula kwa kina mama wanaopika pembeni ya boti, chini ya turubai, benchi la mbao, samaki unamchagua mwenyewe. Hapo ndo mapumziko yetu yalipoanza kwa kweli, tunakaa tunapiga stori, tunalishana kama tumeoana jana, hakuna anayetuharakisha. Lakini tulilipa kwa hela yetu wakati chakula cha pakeji tumeshawalipa nyie chote.

Sasa suala la afya, hili mlisome vizuri. Jioni moja mvua ilinyesha tukashindwa kutoka, mume wangu akala jodari wa bufee. Akaniambia huyu samaki anawasha ulimi kama kawekewa pilipili manga, na haikuwepo. Haikupita hata nusu saa uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio. Meneja wenu wa zamu akaja akamwangalia akasema ni jua hilo, wageni wengi huwa wanaungua. Jua saa mbili usiku! Tukaenda zahanati kwa gari la kukodi, daktari akauliza kala nini, akasema dalili zinafanana kabisa na sumu ya histamini, samaki wa jamii ya jodari na vibua wakikaa kwenye joto bakteria wanaitengeneza kwenye nyama, na ikishatengenezwa hata upike vipi haitoki, wala kugandisha hakuiondoi. Akampa dawa ya mzio, kufika asubuhi akawa sawa. Na sio kwamba ana mzio na jodari, maana siku zilizofuata alikula wa kutoka kwenye boti na hakuna kilichompata.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa majiko unasema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Trei zenu zilizozimika moto zilikuwa nyuzi ngapi? Mna kipimajoto pale jikoni? Mna daftari la kuandika? Nimeuliza hotelini sikujibiwa, nauliza tena hapa, maana nyie ndio mliowachagua hao wa hoteli na nyie ndio mliochukua hela.

Bahari pia. Sijawalaumu kwamba maji hupwa, bahari haina meneja. Ila mmeandika mlangoni muda wote, na picha zote mmepiga maji yakiwa yamejaa. Sisi tumefika mwezi mpevu, bamvu, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, asubuhi tukiamka maji yako kule mbali hata kuyasikia huyasikii, jioni vile vile, katikati kuna matope na mawe na vidude vyeusi vya miba, yanajaa saa sita mchana jua likiwa utosini. Kwa hiyo muda wa kuogelea ndio muda ambao mtu mwenye akili anakaa kivulini. Na hii sio siri, maji yanajaa na kupwa kila baada ya saa 6 na dakika kidogo, kila siku yanachelewa kama dakika 50, jedwali linatolewa mwaka mzima kabla. Kuna bahari kama Mediterania ambako karibu kote tofauti ni ndogo huioni, na kuna ghuba ya Fundy kule Kanada inafika mita 16, kwa hiyo mtu akinunua safari ya pwani ana haki ya kujua ufukwe wake ni wa aina gani. Mngetuambia tungesogeza wiki moja tu tukakuta maji mafu, yale yasiyopwa sana, na saa zimebadilika.

Ndio maana ule mlo wa kwenye boti ulikuwa kichekesho. Tumevaa, tumependeza, mume wangu kapiga pasi shati kwa mara ya kwanza tangu tufike, tunafika ufukweni boti imelala ubavu kwenye mchanga. Nahodha mwenyewe anashangaa, anasema nani kawapangia leo, hapa kila bamvu jua likizama maji hayapo, hata mtoto anajua. Tukawekewa meza pembeni ya boti, na chakula kikaletwa kutoka bufee. Kile kile cha mchana. Na mshumaa.

Kwenye lile jibu lenu mliandika chakula ni suala la ladha ya mtu. Hapana. Chumvi ikizidi au ikipungua hiyo ndo ladha ya mtu. Kuandika samaki wa wavuvi wa hapo na kuleta wa kwenye boksi hilo ni kuuza kitu ambacho hamna.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie sehemu ya chakula kwenye pakeji, sio yote ya safari, chumba tulilala na tunalipia. Mlo wa boti mrudishe hela yote maana boti haikuelea. Gharama ya zahanati, dawa na gari mlipe, risiti nimeziambatanisha pamoja na karatasi ya daktari na picha za trei, za boti na za tangazo. Vocha yenu siitaki, mnaweza kuifuta kwenye mfumo. Na lile tangazo mlirekebishe kabla hamjawauzia wawili wengine, ama mtoe hilo neno wenyeji ama mkakubaliane na wale wavuvi mlipe kwa wakati, kazi ya kupika yule mama anaiweza bila semina yoyote.

Mnijibu kwa maandishi kwenye imeili hii hii, msinipigie simu, mara ya mwisho nilipigiwa nikawekewa muziki mpaka salio la uvumilivu likaisha. Jibu liwe na jina la mtu anayehusika, sio "timu yetu". Nawapa wiki mbili, baada ya hapo nachukua karatasi hizi zote napeleka kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji, fomu nimeshaijaza bado kusaini.

Mteja wenu,
namba ya bukingi iko kwenye kiambatanisho cha kwanza