Mwanangu, Hicho Si Kioo

Morogoro

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na bibi yako anauliza kama unakula. Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kuacha fasihi ya Kiingereza uhamie uchumi, maana riwaya za Waingereza waliokufa zamani hazimsaidii mtu kuelewa kwa nini mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Sikukatazi. Masomo ni yako na maisha ni yako. Ila umenitumia pia ile insha yenu, fasihi ni kioo cha jamii, jadili, na hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani usiku huu.

Swali hilo nimelifundisha kidato cha tano na cha sita mpaka nastaafu, na wanafunzi wengi walinijibu kama ulivyojibu wewe: mwandishi aliuona umaskini, akauandika, nasi tukisoma tunauona. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza ya karne ya kumi na tisa, aliona moshi wa viwanda, kwa hiyo kwenye riwaya mna moshi. Jibu hilo linapata alama za kutosha kufaulu, basi. Kioo hakichagui cha kuonyesha wala hakigombani na mtu. Hawa waandishi walikuwa wanagombana, tena juu ya hilohilo unalotaka kwenda kulisomea, mshahara unatoka wapi na nani ana haki ya kuupanga.

Chukua mji mmoja tu. Preston, Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mji wa kusokota pamba na kufuma nguo. Mwaka 1847 biashara ilikuwa mbaya, wenye viwanda wakakata mishahara kwa asilimia kumi. Wafanyakazi wakasema waliahidiwa kurudishiwa mambo yakitengemaa. Mwaka 1853 mambo yakatengemaa, wakadai chao. Wenye viwanda wakaungana, na Oktoba mwaka huo wakafunga milango, hata kwa watu ambao hawakuwa wamegoma. Maelfu wakakaa nje kipindi chote cha baridi wakila michango ya wafanyakazi wenzao wa miji mingine, na "asilimia kumi" ikawa wimbo. Waajiri wakaleta watu kutoka Ireland kushika nafasi zao. Kufikia mwanzoni mwa Mei 1854 watu walikuwa wanarudi kazini, na ile asilimia kumi hawakuipata.

Sasa, wachumi wa siku zile walikuwa na jibu tayari kabla mgomo haujaanza. Walifundisha kwamba wakati wowote nchi ina fungu fulani la fedha la kulipia kazi. Ligawe kwa idadi ya vibarua, utapata mshahara. Ukigoma huliongezi fungu, unalipunguza, kwa kuwa mtaji unakaa bure au unakimbia. Wenzako wakipata zaidi, wengine watapata pungufu. Dawa iliyobaki ni vibarua wapungue, yaani wazae kidogo. Na unajua fundisho hili liliwafikiaje watu wasiosoma vitabu vya uchumi? Kwa hadithi. Harriet Martineau alitunga mfululizo mzima wa hadithi za kufundishia uchumi, na moja, A Manchester Strike ya mwaka 1832, inamchukua kiongozi wa mgomo mwenye heshima zake, inamfanya ashindwe, halafu inamwacha bila kazi ya kiwandani, anaishia kumwagia maji na kufagia mitaa. Ndiyo kusema waliotangulia kuitumia hadithi kama hoja katika ugomvi huu walikuwa upande wa hao unaowakimbilia.

Dickens alifika Preston mwishoni mwa Januari 1854, viwanda vikiwa bado vimefungwa. Alikuwa na jarida lake la kila wiki, Household Words, likiuzwa peni mbili, na Februari akaandika humo makala, On Strike. Itafute uisome, ni fupi. Anasimulia mkutano wa wajumbe wa wafanyakazi. Watu watulivu, wenye adabu, wanafuata ajenda kuliko wabunge wengi. Yumo mpayukaji mmoja, Dickens kampa jina la Gruffshaw, anataka kuwasha moto, na mwenyekiti anamtuliza kwa upole. Mwishoni mwandishi anasikitika kwamba mgomo na kufungiana milango ni hasara kwa kila mtu, ila hasemi popote kwamba wale watu ni wajinga.

Aprili Mosi akaanza kuchapisha riwaya yake Hard Times katika jarida hilohilo. Humo nako kuna mkutano wa wafanyakazi, na mpayukaji yumo, safari hii anaitwa Slackbridge. Mwenyekiti yupo, anamwomba akae kidogo Stephen asikilizwe, lakini safari hii hamzimi. Slackbridge anapiga kelele, umati unamfuata, na huyo Stephen Blackpool, mfumaji mwema asiyetaka kujiunga na chama, anatengwa na wenzake. Miezi michache tu imepita, mwandishi ni yuleyule, aliyekaa ukumbini na kuona kwa macho yake. Hapo kioo kiko wapi? Tena katika riwaya nzima iliyozaliwa mwaka wa mgomo ule hakuna mgomo. Elizabeth Gaskell, mwandishi mwingine aliyekuwa anatayarisha riwaya yake kwa ajili ya jarida hilohilo, aliingiwa na hofu kwamba mwenzake atamtangulia, na Dickens akamwandikia kumtoa wasiwasi kuwa yeye hatagomesha mtu.

Usinielewe vibaya, simchukii. Upande mwingine wa kitabu ndio ninaoupenda, pale anapowageukia wachumi. Gradgrind, mhusika anayetaka watoto wafundishwe takwimu tu, amewapa watoto wake wawili majina ya wachumi Adam Smith na Malthus, na mkono wa Dickens hapo ni mzito mno, unaweza kucheka au kukereka. Lakini msome Sissy Jupe, binti wa mchekeshaji wa sarakasi. Mwalimu anamwambia achukulie darasa ni mji wa watu milioni moja, na kwa mwaka mzima wamekufa njaa barabarani ishirini na watano tu. Anasemaje juu ya uwiano huo? Sissy anajibu kwamba kwa hao waliokufa ni shida ileile, wengine wawe milioni au milioni ya mamilioni. Mwalimu anamwambia amekosea. Ukihamia uchumi, mama, mwalimu huyo utakutana naye, na usidhani Sissy hajui hesabu. Anakataa tu kwamba swali limeulizwa sawasawa.

Hard Times ilikwisha Agosti, na Septemba jarida likaanza North and South ya Gaskell. Dickens ndiye mhariri, na walisumbuana kweli, mama huyu hakupenda kukatakata hadithi iingie kwenye wiki. Yeye hakuwa mgeni wa siku mbili. Alikuwa mke wa mchungaji Manchester, anaingia nyumba za wafanyakazi, na mwaka 1848 alikuwa ametoa Mary Barton, akasema katika dibaji kwamba hajui lolote la uchumi. Wakubwa wa viwanda walimvaa, wakasema kweli hajui. Safari hii anawapa wenye kiwanda msemaji wao, John Thornton, mtu wa akili na msimamo, na wafanyakazi anawapa Nicholas Higgins. Wanabishana kweli, kila mmoja na hoja zake. Higgins anasimulia kwamba tajiri mmoja alimpa kitabu cha kumfundisha kuwa mishahara hujipanga yenyewe, na mgomo ukiipandisha leo, kesho itashuka zaidi ya ilipokuwa. Alijitahidi kukisoma. Anasema kinazungumzia mtaji na kazi kana kwamba ni tabia njema na tabia mbaya, naye alitaka kujua haki za watu, matajiri au maskini, ili mradi watu.

Kitabu hicho cha Higgins ni lile fungu la mishahara nililokueleza juu. Sikiliza na hili, kwa kuwa wahadhiri wako wa uchumi wanaweza wasikutajie. Mwaka 1869 John Stuart Mill, mchumi mkubwa kuliko wote Uingereza wakati ule, alilikana hadharani fundisho la fungu. Alikubali kwamba hakuna kiasi kilichowekwa tayari, na kwamba wafanyakazi wakiungana wanaweza kupata zaidi. Riwaya ilikuwa imeliwekea shaka miaka kumi na mitano kabla, kupitia mdomo wa mfumaji ambaye kusoma kwenyewe kunampa taabu. Sisemi Gaskell ndiye aliyemshinda Mill. Alikuwa ndani ya ubishi wakati bado haujaamuliwa, na mtihani wako unamtendea kama shahidi aliyepita njia.

Kuna ukurasa mmoja wa North and South ambao siwezi kuusoma kwa utulivu. Bessy, binti wa Higgins, anakufa kwa vumbi la pamba alilovuta katika chumba cha kuchana pamba kabla ya kusokotwa. Anamweleza rafiki yake kwamba baadhi ya viwanda vina gurudumu la kuvuta vumbi nje, lakini bei yake ni paundi mia tano au mia sita na halileti faida, kwa hiyo wengi hawafungi. Kisha anaongeza neno ambalo mtunzi anayetaka kutuliza tu asingelithubutu: wapo wafanyakazi wasiolitaka gurudumu, kwa kuwa walizoea kumeza vumbi, na likiondolewa wanasikia njaa, basi waongezewe mshahara. Baba yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi chumba kama hicho katika kiwanda cha nguo. Nilipomsomea akacheka mpaka akakohoa. Alisema kwao walikuwa wanapewa maziwa ya kusafisha kifua, na siku kulipozuka maneno ya feni, wapo waliouliza kwanza kama maziwa yataendelea. Hesabu ya mtu anayelipwa kidogo ndivyo inavyokwenda. Mchumi angeweza kuiandika kwa kanuni, lakini sijamwona aliyeieleza kwa uwazi kuliko Bessy.

Gaskell naye ana pa kujificha. Mgomo unavunjika kwa fujo za watu wenye njaa. Boucher, aliyelazimishwa na chama kugoma huku watoto hawana chakula, anajiua mtoni. Thornton na Higgins wanajifunza kuheshimiana, linajengwa jiko la kula pamoja kiwandani, na Thornton anapofilisika, mkombozi ni fedha za urithi za mwanamke atakayemuoa. Ugomvi mkubwa namna hiyo wa mtaji na kazi umemalizwa na wosia wa mzee mmoja wa Oxford! Nilipokuwa msichana niliona ni mapenzi matamu. Siku hizi naona mwandishi aliyefika ukingoni mwa hoja yake akaogopa maji.

Na wote wawili kuna swali hawakulifikisha mbali. Pamba ilitoka wapi? Sehemu kubwa ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Watu wa Preston na mabwana zao waligombania asilimia kumi ya kitu ambacho waliokipanda hawakulipwa kabisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861 pamba ikakatika, na Lancashire ikalala njaa. Woga huo wa kutegemea pamba ya Marekani haukuishia kwa Waingereza. Wajerumani walipotaka pamba yao wenyewe waliwalazimisha wazee wetu wa pwani ya kusini kuilima, na Julai 1905 watu wa Matumbi wakaing'oa, Maji Maji ikaanza. Kwa hiyo usiniambie riwaya hizo ni za mbali.

Nirudi kwa insha yako. Aya yako ya tatu inasema Stephen alikataa kujiunga na chama "kwa kuwa Dickens alionyesha jinsi wafanyakazi wa wakati huo walivyogawanyika". Fungua kitabu unionyeshe. Stephen anasema tu kwamba alitoa ahadi. Ahadi gani, kwa nani, kwa nini? Riwaya iliyochapishwa inadokeza baadaye tu kwamba Rachael, mwanamke anayempenda, alimsihi aepuke matata; kilichosababisha haikielezi, na wasomaji wamekuwa wakikuna vichwa tangu 1854. Jibu lilikuwepo. Dickens aliandika kipande ambamo Stephen anapandwa na hasira juu ya mdogo wa Rachael, msichana aliyekatwa mkono na mashine kiwandani, na Rachael anamsihi aachane na mambo hayo, naye anaahidi. Alikiweka hata na tanbihi ya kumwelekeza msomaji kwenye makala ya jarida lake kuhusu ajali za mitambo isiyozungushiwa uzio. Kisha akakikata kwenye prufu, yaani nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa, ahadi ikabaki bila chanzo chake.

Dhana yangu ni kwamba kipande hicho kingembana. Msomaji akishauona ule mkono, atauliza kwa nini Stephen asijiunge na chama siku hiyohiyo, na Slackbridge hataonekana mpumbavu tena. Wewe unaweza kufikiri vingine, nami nitafurahi ukinipinga kwa ushahidi. Iandike upya insha kuanzia hapo, kabla hujajaza fomu za kuhama. Kitabu changu nimempa konda wa basi la saa nne, kachukue stendi ya Magufuli jioni. Kipande kilichokatwa kimo nyuma, kwenye maelezo ya mhariri, nimekunja pembe ya ukurasa. Usiandike kwa kalamu ya wino.

Mama yako