Kimeng'enya kisichoogopa mchemko tukitengeneze Arusha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nimefanya kazi miaka 27 katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Arusha, idara ya kupausha vitambaa, na jambo hili limenikaa moyoni tangu nistaafu.

Kitambaa kikitoka kwenye mashine ya kufuma huwa kikavu kama gamba. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike, na wanga huo usipotoka wote, rangi haishiki. Kitenge kinatoka na mabaka. Kazi yangu ilikuwa kuutoa, kwa kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia, kilicholetwa kwenye madumu kutoka ng'ambo, ambacho huukata wanga vipande vidogo vinavyoyeyuka na kwenda na maji. Kilifanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 60 na 70, ukizidisha moto kinakufa. Basi tulichemsha maji ili wanga ulegee, tukapoza kwa maji ya baridi, tukatia dawa, tukangoja, halafu tukachemsha tena kwa ajili ya kostiki, magadi makali ya kusafishia pamba. Mafuta ya boila yaliungua mara mbili kwa mzigo uleule. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha iodini. Tone moja kwenye kitambaa likigeuka bluu iliyokoza, wanga bado upo, mzigo wote unarudi.

Siku moja likaja dumu la aina nyingine. Kwa kimo cha mji wetu, kama mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzijoto 95, na dawa ile tuliimimina humohumo yanapotokota. Tone la iodini likabaki njano. Nilirudia mara tatu, sikuamini. Lakini dumu likichelewa bandarini tulirudi kwenye asidi, na asidi hula pamba yenyewe. Nimeona jora zima la kitambaa likichanika kwa mkono.

Mjukuu wangu anayesoma baiolojia ndiye aliyenieleza kuhusu viumbe mabingwa wa joto. Mwaka 1986 Mjerumani Karl Stetter na wenzake walimweleza bakteria waliyempata kwenye sakafu ya bahari inayopashwa moto na volkano, kisiwani Vulcano, Italia. Wakamwita Thermotoga maritima. Hustawi kwenye nyuzijoto 80 na huweza kukua hadi 90. Ganda lake la nje limepwaya kwenye ncha zote mbili kama kanzu, na toga ni vazi la Warumi wa kale. Vimeng'enya vyake, vya kukata wanga na vya kukata nyuzinyuzi za mimea, huendelea na kazi kwenye joto linalogandisha yai.

Watu wakisikia bahari wanadhani itabidi tununue meli na nyambizi. Hapana. Bakteria mwenyewe ni mgumu kufuga: hataki oksijeni, na maji ya chumvi ya moto hula chuma cha tangi. Kinachochukuliwa ni jeni yake tu, yaani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, ikapandikizwa kwa bakteria wa kawaida wa maabara, E. koli, anayekua haraka kwenye nyuzijoto 37. Na hapa ndipo nilipoinuka kitini. Ukishavuna na kupasua seli, unaupasha uji wake hadi nyuzijoto 75 au 80. Protini za E. koli zinaganda kama ute wa yai na kuzama, kimeng'enya cha Thermotoga kinabaki kwenye maji maangavu juu. Moto niliopigana nao miaka 27 ndio unaokisafisha.

Sasa angalieni tulicho nacho. Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela yenye wanasayansi. Moshi kuna kiwanda cha sukari chenye molasi, ule uji mtamu mweusi unaobaki, na wapo bakteria wa kiwandani wanaokula molasi. Matangi ya chuma cha pua ya kuchachushia bia yapo mjini, na mafundi wa kuyahudumia wapo. Baadaye tutafute na viumbe vyetu wenyewe: Maji Moto ya Manyara, chemchemi za kando ya Natron, na zile za Amboni kule Tanga, karibu na bahari.

Ila sampuli ziandikishwe, na mkataba usainiwe, kabla chupa moja haijavuka mpaka. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba bakteria wa Ziwa Bogoria walichukuliwa bila idhini yake, na vimeng'enya vyao vikauzwa ng'ambo kwa sabuni na kwa kufubaza jinzi. Jirani yetu alianza kudai baada ya mali kuwa sokoni tayari.

Ombi langu kwa Wizara ya Viwanda ni dogo. Ichague kimeng'enya kimoja tu, hiki cha kutoa wanga, kwa sababu mnunuzi wake anajulikana: kila kiwanda kinachotia rangi vitambaa vya pamba nchini. Itoe fedha za tangi moja la majaribio, na viwanda vikubali kukipima kwenye jora chache za kitambaa. Kichupa changu cha iodini bado ninacho. Siku ya jaribio la kwanza nitakuja kudondosha tone mwenyewe, bila malipo.

Fundi mstaafu,
Unga Limited, Arusha