Fidia ya miembe si mwisho wa maneno

Ndugu Waiswa,

Salaam nyingi. Za Buyende? Mama Tenywa amepata nafuu? Naandika mbiombio kwa sababu Hajati kanisomea maswali mtakayompa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kuhusu mtambo wa umeme wa nyuklia unaopangwa kwenu, na yote ni bei ya miembe, kahawa na makaburi. Ni haki yenu. Lakini taka za nyuklia hazimo hata mstari mmoja!

Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 30 za urani iliyotumika kila mwaka, ndiyo taka yenyewe. Hutumbukizwa bwawani ipoe, miaka mitano au zaidi, kisha hufungiwa kwenye makasha ya chuma na zege, hapohapo mtamboni. Sheria ya Marekani ya 1987 iliteua mlima mmoja tu wa kuzika taka hizo, Yucca Mountain, jimbo la Nevada. Nevada ikagoma, na mpaka leo makasha yamejaa kwenye mitambo. Anayepokea mtambo amepokea na ghala la taka, hata lisipoandikwa.

Mzee Kirunda atapiga kelele za saratani. Mshikeni koti. Raia haruhusiwi kuongezewa mionzi zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, nje ya zile 2.4 ambazo binadamu hupata kwa wastani kutoka kwenye udongo, hewa na anga. Hiyo 1 hukadiriwa kuwa saratani kwa mtu mmoja katika 20,000. Kwa maziko ya taka kikomo hushushwa hadi 0.3. Mkibishania namba mtashindwa. Ulizeni ni namba ya nani: huyo mtu ambaye wataalamu walimpigia hesabu anakula nini? Mtu wa mwaloni anakula mukene, dagaa wa Ziwa Kyoga, kila siku na kunywa maji ya ziwa hilohilo. Wapige hesabu yake, na ya mtoto wake.

Halafu kura. Kule Kimba, Australia, mwaka 2019 zaidi ya asilimia 61 walikubali ghala la taka, ila Wabarngarla, wenye ardhi ya jadi, walikuwa wameachwa nje kwa kuwa hawakuishi ndani ya mpaka wa halmashauri. Mwaka 2023 mahakama ikafuta uteuzi wa eneo hilo: waziri alionekana ameshaamua kabla ya kusikiliza. Eurajoki, Finland, halmashauri ilikuwa na haki ya kisheria ya kukataa maziko ya taka, na ikakubali mwaka 2000. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana ni saini tu. (RDC akikasirika, mwagizieni soda.)

Narudi palepale kwenye ghala. Je, fedha za taka zitakatwa kwenye kila uniti ya umeme tangu siku ya kwanza, na nani atashika ufunguo? Muuzaji wa urani atalazimika kuichukua ikishatumika? Watu wa Kaberamaido na Amolatar, wanaovua ziwa hilohilo, wameitwa? Mkutano ni kabla ya fidia kulipwa au baada? Na wewe, mbona hukuniambia umechaguliwa katibu?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Okello