Mama wa miaka 46 haambiwi "punguza mawazo"

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma mwaka wa kumi na tano sasa bila kuwasumbua hata kwa mstari mmoja. Ile taarifa ya wiki jana, ya wanawake wa makamo na "hofu zisizo na sababu", imenishinda.

Sababu ipo. Hedhi ikikaribia kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni, homoni ya kike, haiishi taratibu kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Hupanda na kushuka ovyo, pengine kwa miaka kadhaa. Ndipo mtu asiyejua woga anaamka saa tisa usiku, shingo imelowa, moyo unadunda, anapapasa simu ampigie mwanawe aliye salama salimini.

Mwezi uliopita, zahanati moja nisiyoitaja, mama wa miaka 46 alieleza hayo hayo. Akaandikiwa dawa mseto, na kipimo cha malaria hakina kitu! Malaria gani hiyo, inapanda dakika tatu inaondoka? Aliporudi akapewa valiamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ya miezi miwili. Valiamu ikipita wiki nne mwili unaizoea. Siku ya kuiacha, wasiwasi unarudi na nduguze. Hakuna aliyemuuliza, "Hedhi yako ya mwisho lini?" Maneno matano, bure. Wala wingi wa damu haukupimwa, ilhali hedhi za umri huo huweza kumwagika hadi pedi inabadilishwa kila saa, na damu ikipungua moyo hukimbia vilevile. Tezi ya shingo nayo ikizidisha kazi huleta jasho, kutetemeka na hofu ile ile. Hivyo ndivyo vya kupima, pamoja na presha na sukari. Kipimo cha homoni, kwa aliyevuka 45, ni kupoteza hela: leo kinasoma juu, wiki ijayo chini.

Halafu chini ya taarifa hiyo mkachapa tangazo la unga wa "kubalansi homoni". Una nini ndani? Hamkuuliza, mlilipwa. Homoni za tiba zipo, anaziandika daktari, na mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni bila projesteroni, homoni mwenzake, maana ukuta wa mfuko hunenepa na saratani ikapata mlango.

Nafasi ya tangazo lile inatosha jedwali la safu nne: tarehe ya hedhi, saa moyo ulipokimbia, dakika ulizodumu, saa za usingizi. Lichapeni kila Jumapili, mama alikate, ajaze wiki nane, aende nalo kwa daktari. Wino wa rangi msihangaike nao.

Muuguzi,
Morogoro