Kiwanja Juu ya Genge la Pwani: Usiangalie Mawimbi Peke Yake

Wateja wengi wenye viwanja juu ya magenge ya pwani, yaani kuta za asili za mwamba au udongo zinazoshukia baharini, hutupigia simu na ombi moja: wajengewe ukuta kule chini ili mawimbi yaache kula ardhi yao. Tunawaelewa, maana wimbi linaonekana na linasikika usiku kucha. Lakini tukifika kukagua, swali letu la kwanza huwa ni maji ya paa, ya bafuni na ya bustani yanaishia wapi.

Genge huliwa kutoka pande mbili. Chini, mawimbi hugonga kitako chake mpaka yakachimba upenyo, na mwamba wa juu ukabaki umening'inia bila egemeo. Hilo watu wanalijua. Kinachosahaulika ni kuchakaa kwa mwamba wenyewe, kazi ya polepole inayofanyika juu na usoni mwa genge hata bahari ikiwa shwari. Rasharasha ya maji ya bahari huingia kwenye vitundu vya mwamba. Jua likiyakausha, chumvi inayobaki hukua kuwa fuwele, ikasukuma mpaka mwamba ukabanduka magamba. Kwenye nchi za baridi kali, maji yaliyo ndani ya nyufa yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na ufa hutanuka. Chokaa, pamoja na mawe ya matumbawe, huyeyushwa kidogo kidogo na mvua yenye asidi hafifu. Mfinyanzi nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kila ufa huwa njia ya mvua inayofuata.

Mwamba ukishachoka, uzito wake humaliza kazi. Jabali gumu lenye nyufa huangusha mapande makubwa kwa ghafla, mara nyingi bila onyo la maana. Udongo laini uliolowa hutiririka kama uji mzito. Aina inayotutia wasiwasi zaidi ni genge lenye mchanga juu na mfinyanzi chini. Mvua hupenya mchangani kwa urahisi, ikifika kwenye mfinyanzi inakwama. Shinikizo la maji linapanda, udongo unapoteza mshikamano, kisha kipande kizima cha ardhi kinateleza kwa kujizungusha: juu kinazama na kuinamia nyuma, chini kinasukumwa kuelekea baharini. Ukikuta miti iliyo chini ya ukingo imelalia upande wa nchi kavu, ujue ardhi hiyo imeshawahi kuzunguka.

Mfano mzuri ni wa Scarborough, Uingereza, Juni 1993. Hoteli ya Holbeck Hall ilisimama juu ya genge la udongo ulioachwa na barafu ya kale, lenye kimo cha takriban mita 60. Wiki kadhaa kabla, nyufa zilionekana kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi. Kisha ardhi ikaanza kwenda, bustani ikatangulia na sehemu ya jengo ikafuata, na genge likarudi nyuma takriban mita 70. Wageni waliondolewa salama, lakini hoteli ilibidi ibomolewe. Maji kujaa ndani ya mteremko ni miongoni mwa sababu zilizotajwa na wataalamu.

Ndiyo maana hatukubali kuuza ukuta kabla ya ukaguzi. Ukuta wa chini hupunguza nguvu ya mawimbi, lakini hauzuii mvua kupenya juu, na ukijengwa bila matundu ya kutolea maji unaweza kuyafungia ndani ya mteremko. Tunakagua kwanza ufa wowote unaokwenda sambamba na ukingo. Tunapiga vigingi viwili, kimoja kila upande, tunapima umbali kati yao na kuandika tarehe. Mwenye nyumba anaendelea kupima, hasa baada ya mvua kubwa. Tunatazama uzio ulioinama, mlango ulioanza kukwama, na majani mabichi katikati ya uso wa genge wakati wa kiangazi. Majani hayo yanaonyesha mahali maji yanapotokea.

Kinachofuata mara nyingi ni kazi ya mifereji: kuyatoa maji ya paa kwa mabomba yasiyovuja, kulihamisha shimo la maji taka mbali na ukingo, kurekebisha bomba linalovuja. Kifusi kilichoporomoka na kulundikana kule chini tunaomba kisizolewe. Kinalinda kitako mpaka bahari ikichukue yenyewe. Na kuna viwanja ambako tunamwambia mteja waziwazi asijenge, au asogeze nyumba nyuma, hata kama sisi tunakosa kazi.

Ukitaka tuje, tutumie picha za ukingo, za nyufa na za uso wa genge zilizopigwa kutoka ufukweni kwa umbali salama, pamoja na mchoro wa mahali mabomba na mashimo ya maji yalipo. Ufa ukiwa unapanuka kila siku, usisubiri majibu yetu: hamisheni watu kwanza na mtoe taarifa kwa mamlaka ya eneo lenu.