Malalamiko Kuhusu Vifaa vya Mikutano ya Video Vilivyokabidhiwa Bila Kujaribiwa Ipasavyo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninaandika nikiwa msimamizi wa mtandao katika ofisi iliyonunua kwenu vifaa vya mikutano ya video, pamoja na huduma ya kuvisanidi na kuvijaribu kwa mbali. Fundi wenu alitutumia taarifa kwamba jaribio limefaulu. Hata hivyo, tulipowapigia wenzetu walio nje kwa mkutano wa kwanza, simu iliita na kupokelewa, wao wakatuona na kutusikia vizuri, ilhali sisi tulibaki tukitazama skrini nyeusi isiyotoa sauti, hadi tukalazimika kumalizia kikao kwa simu ya kawaida.

Nilipolalamika, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba kosa ni la ukuta wa moto (firewall) wa ofisi yetu, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano kati ya mtandao wetu na intaneti. Sikatai kwamba pakiti, yaani vipande vya data, zinakwama kabla ya kutufikia. Lakini mlielezwa kwa maandishi, kabla ya mauzo, kwamba vifaa vitakaa nyuma ya ukuta huo, na hiyo ndiyo sababu ya sisi kulipia jaribio.

Kumbukumbu za mtandao zinaonyesha kilichofanyika. Fundi alifungua ukurasa wa usimamizi wa kifaa kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 443, kisha akapiga simu kutoka kifaa cha ukumbi mmoja kwenda cha ukumbi wa pili, vyote vikiwa ndani ya mtandao wetu, jambo ambalo halivuki ukuta hata kidogo. Katika itifaki ya H.323, yaani kanuni za simu za video ambazo vifaa hivi hutumia, poti 1720 ya TCP huanzisha simu tu. Picha na sauti husafiri kwa UDP, ambayo kama TCP ni njia ya kusafirisha data, kupitia poti ambazo vifaa hupatana simu ikishaanza. Isitoshe, kila kifaa huandika anwani yake ya IP ndani ya ujumbe wenyewe. Chetu hakikuwekewa anwani ya nje, hivyo kilitangaza anwani ya ndani inayoanza na 192.168, na wenzetu wakawa wanatuma picha mahali pasipofikika kwa intaneti. Kasoro hiyo ingeonekana katika dakika ya kwanza ya simu moja iliyopigwa kwenda nje.

Lililonisikitisha zaidi ni ushauri uliofuata, kwamba tufungue poti zote za TCP na UDP kuelekea kifaa, na tukiruhusu kijipokelee simu chenyewe ili fundi ajaribu wakati wowote apendao. Sijui ni nani kwenu aliyeupitisha. Poti 1720 ikiachwa wazi kwa dunia nzima, haichukui muda kugunduliwa na programu zinazozunguka intaneti zikitafuta vifaa vya aina hii, na kifaa kinachojipokelea simu kitamfungulia mpigaji asiyejulikana kamera na maikrofoni za chumba ambamo watu wanajadili mambo ya siri. Ushauri huo tumeukataa.

Naomba mtuletee orodha ya maandishi ya poti zinazohitajika, ikiwa na wigo mdogo wa poti za UDP ambao kifaa chenyewe kimewekewa. Mseme pia kama tunazima kipengele cha ukuta kinachorekebisha ujumbe wa H.323 au tunakiachia kazi hiyo, kwa sababu kifaa na ukuta vikibadilisha anwani ileile kila kimoja kwa namna yake, simu huharibika. Kama vifaa vinakubali viwango vya H.460.18 na H.460.19, ambavyo huwezesha miunganisho kuanzishwa kutoka ndani ya mtandao wetu na hivyo kuvuka ukuta, tungependelea njia hiyo, mradi mtueleze ni seva ipi itakayosimama upande wa nje.

Baada ya hapo, jaribio lirudiwe kutoka mtandao wa nje, simu zikipigwa pande zote mbili, huku kukiwa na mtu kila upande anayethibitisha picha na sauti. Lidumu saa moja, kwani baadhi ya kuta hukata muunganisho wa udhibiti (unaosimamia simu) ukikaa kimya, na simu ya dakika mbili haiwezi kulifichua hilo. Fundi ataingia kutoka anwani moja atakayotutajia mapema, nasi tutaifunga akimaliza.

Salio la malipo ya usanidi litasubiri taarifa ya jaribio hilo.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Mtandao